Mkaguzi wa Beijing si CAG

Tarehe 24 Januari 2026 Wizara ya Ulinzi ya China ilitoa taarifa fupi: Jenerali Zhang Youxia, makamu mwenyekiti wa Tume Kuu ya Kijeshi, na Jenerali Liu Zhenli, mkuu wa idara ya mnadhimu mkuu, wanachunguzwa kwa tuhuma za kukiuka vibaya nidhamu na sheria. Ili kuuona uzito wa taarifa hiyo, hesabu viti. Tume hiyo ndiyo inayoliamuru jeshi zima la China, na ilipoundwa Oktoba 2022 ilikuwa na watu saba. Li Shangfu, waziri wa ulinzi, aliondolewa mwaka uliofuata. Miao Hua, aliyeshika kazi ya siasa jeshini na kwa hiyo mafaili ya upandishaji vyeo, alisimamishwa Novemba 2024. He Weidong, makamu mwenyekiti wa pili, alitangazwa kufukuzwa chamani Oktoba 2025 siku moja na Miao Hua na maofisa wengine saba. Sasa Zhang na Liu. Kwa tangazo hilo, katika wale saba wakabaki wawili: mwenyekiti, yaani Xi Jinping mwenyewe, na Zhang Shengmin. Huyu wa mwisho si kamanda wa vikosi. Ni ofisa wa siasa ambaye tangu 2017 ni katibu wa tume ya ukaguzi wa nidhamu jeshini, tena ni naibu katibu wa Tume Kuu ya Ukaguzi wa Nidhamu ya Chama cha Kikomunisti. Oktoba 2025, wenzake walipokuwa wakianguka, yeye alipandishwa kuwa makamu mwenyekiti.

Habari hii imepokelewa kwetu kwa namna mbili, na zote mbili nimezisikia katika juma moja, mezani na kwenye magrupu ya WhatsApp. Wa kwanza wanasema: wenzetu hawacheki na fisadi, hata jenerali anang'olewa, huku kwetu mtu akiharibu wizara hii anapelekwa akaharibu ile. Wa pili wanasema: hakuna ukaguzi pale, Xi anawaondoa mahasimu wake tu. Naona wote wamepita pembeni ya jambo lenyewe. Chombo cha ukaguzi hakipimwi kwa idadi ya vichwa kilivyovikata, wala kwa majina ya waliokatwa. Kinapimwa kwa maswali mawili: nani aliwaweka wakaguzi kwenye viti vyao, na wakishamaliza kazi taarifa yao wanamsomea nani? Beijing, jibu la maswali yote mawili ni moja. Kwa sababu hiyo chombo kile kina nguvu za kutisha kutoka kileleni kwenda chini, na hakina hata chembe ya nguvu kutoka chini kwenda kileleni. Anayekitamani kije kwetu kama kilivyo hajakiangalia vizuri. Na anayekidharau kwamba ni rungu la mtu mmoja tu, naye hajakiangalia.

Tuanze na chombo chenyewe. Mkutano mkuu wa 20 wa Chama, Oktoba 2022, ulichagua wajumbe 133 wa Tume Kuu ya Ukaguzi wa Nidhamu. Katibu wao ni Li Xi, ambaye ni mmoja wa watu saba wa Kamati ya Kudumu ya Ofisi ya Siasa, yaani kilele cha nchi. Chama kina wanachama zaidi ya milioni 100, na karibu kila mwenye cheo serikalini, benki ya umma, chuo kikuu au hospitali kubwa ni mwanachama, kwa hiyo kumkagua mwanachama ni kuikagua dola. Adhabu za Chama ni tano: onyo, onyo kali, kuvuliwa nyadhifa za Chama, kubaki mwanachama chini ya uangalizi, na kufukuzwa. Kuhukumu kifo au kifungo ni kazi ya mahakama, ambayo hupokea faili likiwa limeshaiva. Mwaka 2018 katiba ya nchi ilirekebishwa ikaundwa Tume ya Taifa ya Usimamizi, inayofanya kazi ofisi moja na ile ya Chama, kwa watumishi walewale, ili mkono ufike hata kwa mtumishi wa umma asiye na kadi ya Chama. Tume hiyo inaweza kumzuia mtu kwa miezi mahali pasipo polisi wa kawaida wala wakili. Umma hupata habari kwa sentensi ileile moja kwenye tovuti ya tume: fulani anashukiwa kukiuka vibaya nidhamu na sheria, na kwa sasa anachunguzwa.

Wanaokisifu wana hoja nzito, na sitaki kuzipunguza. Kwa takwimu za tume yenyewe, mwaka 2023 walioadhibiwa walikuwa watu 610,000, na mwaka 2024 wakafika 889,000. Wengi wao si majenerali. Ni makatibu wa vijiji waliokula fedha za ruzuku, wakuu wa shule waliotoza chakula cha wanafunzi zaidi ya bei, wasimamizi wa mifuko ya afya. Mtu wa kawaida mkoani Henan hana shida na makamu mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi. Shida yake ni ofisa wa kata anayeshika muhuri. Chombo kinachoweza kumfikia ofisa huyo ndani ya miezi, bila kesi ya miaka saba inayoahirishwa kwa sababu wakili ana udhuru, si kitu cha kupuuzwa na sisi tuliozoea kuona jalada likizeeka kabatini. Zaidi ya hapo, kimejirekebisha. Kwa muda mrefu ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kwamba katibu wa nidhamu wa wilaya aliteuliwa na kulishwa na kamati ya Chama ya wilaya hiyohiyo, chini ya katibu yuleyule aliyetakiwa kumchunguza. Wachina wana msemo juu ya hali hiyo: usimamizi wa juu uko mbali mno, wa ngazi sawa ni laini mno, wa chini ni mgumu mno. Mabadiliko yaliyoanza 2013 na 2014 yakaamua kwamba uchunguzi na uteuzi wa wakaguzi utaongozwa zaidi na tume ya ngazi ya juu, na timu za ukaguzi zinatumwa kutoka nje ya mkoa, zikakae hotelini na sanduku la barua na namba ya simu. Hilo ni wazo zuri, na lilitokana na kusoma makosa yao wenyewe.

Lakini liangalie vizuri wazo hilo. Linamwondoa mkaguzi wa wilaya mikononi mwa mkuu wa wilaya na kumweka mikononi mwa mkoa, na wa mkoa linamweka mikononi mwa makao makuu. Endelea kupanda ngazi hiyo mpaka juu, na utafika mahali ambapo hakuna ngazi nyingine. Katiba ya Chama inasema Tume Kuu ya Nidhamu inafanya kazi chini ya uongozi wa Kamati Kuu. Wajumbe wake 133 huchaguliwa na mkutano mkuu, sawa, lakini kwa orodha iliyotayarishwa na uongozi. Wao huchagua katibu na manaibu wao, na majina hayo hupelekwa Kamati Kuu yaidhinishwe. Kamati Kuu inaongozwa na Ofisi ya Siasa, Ofisi ya Siasa na Kamati yake ya Kudumu, na kamati hiyo na katibu mkuu, ambaye ni Xi. Mwaka huohuo wa 2018 kikaundwa chombo kingine chenye jina linalokaribia zaidi neno ukaguzi tunalolijua sisi, Tume Kuu ya Ukaguzi wa Hesabu ya Chama, ya kusimamia wakaguzi wa fedha za umma nchi nzima. Mwenyekiti wake ni Xi Jinping. Msimamizi wa wakaguzi wa hesabu na mkuu wa nchi wamekuwa mtu mmoja.

Hapa ndipo kulinganisha na CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania, kunapovunjika. Sisemi mkaguzi wetu mkuu ana maisha mepesi. Tumeona jinsi ofisi ile inavyoweza kusukumwa. Ila Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania ina sentensi moja ambayo sijui kama tunaithamini inavyostahili. Taarifa ya CAG hukabidhiwa kwa Rais, naye Rais anatakiwa kuhakikisha inawasilishwa Bungeni. Asipofanya hivyo, mkaguzi ataipeleka mwenyewe kwa Spika. Maana yake katiba imeshafikiria kwamba mkubwa anaweza kuikalia taarifa, na imemwachia mkaguzi mlango wa nyuma. Wananchi wakaisikia, magazeti yakaichambua, hata kama baada ya hapo hatua zinasuasua. CAG wetu anaona na kusema lakini hana mkono wa kukamata. Mkaguzi wa Beijing ana mkono unaokamata kila mahali isipokuwa sehemu moja, na hana mlango wa nyuma.

Kinachonisikitisha ni kwamba mlango huo wakomunisti wenyewe waliwahi kuuweka. Aprili na Mei 1927, mjini Wuhan, mkutano mkuu wa tano wa Chama cha Kikomunisti cha China ulichagua Tume Kuu ya Usimamizi ya kwanza: watu kumi, saba wajumbe kamili na watatu wa akiba. Mwenyekiti wao alikuwa Wang Hemo, mfanyakazi wa karakana ya reli. Katiba ya Chama iliyorekebishwa Juni mwaka ule ikaweka masharti ambayo ukiyasoma leo unashangaa. Mjumbe wa tume ya usimamizi haruhusiwi kuwa pia mjumbe wa Kamati Kuu. Anahudhuria vikao vyake, anasema, hapigi kura. Kamati Kuu haiwezi kufuta uamuzi wa tume, na tume haiwezi kutekeleza uamuzi bila Kamati Kuu kukubali. Wakikwama, wanakaa kikao cha pamoja. Wakikwama tena, jambo linapelekwa mkutano mkuu. Kulikuwa na vyombo viwili vilivyotazamana, na juu yao wanachama. Masharti hayo hayakupata nafasi ya kufanya kazi, kwa sababu mauaji ya wakomunisti yalikuwa yameshaanza. Wang Hemo alikamatwa na kuuawa Beijing Novemba 1927, na historia rasmi ya Chama inasema wanane kati ya wale kumi walipoteza maisha katika mapambano, na hakuna hata mmoja aliyewasaliti wenzake. Mwaka uliofuata tume ikafutwa. Watu wale walistahili urithi mzuri zaidi ya huo.

Wazo lenyewe lilitoka Moscow, na huko lilipata nafasi ya kujaribiwa, kwa hiyo huko ndiko pa kujifunza. Januari 1923 Lenin, mgonjwa, akiwa ameshapooza upande mmoja, aliandika kuhusu namna ya kuupanga upya ukaguzi wa wafanyakazi na wakulima. Alitaka mkutano mkuu uchague wajumbe wapya kati ya 75 na 100 wa Tume Kuu ya Udhibiti, wafanyakazi na wakulima wa kawaida, wawe na haki sawa na wajumbe wa Kamati Kuu, baadhi yao wahudhurie kila kikao cha Ofisi ya Siasa, na wasiruhusu mamlaka ya mtu yeyote, awe katibu mkuu au mjumbe mwingine yeyote, kuwazuia kuuliza swali au kukagua hati. Katibu mkuu wakati huo alikuwa Stalin. Mzee alijua anamwandikia nani.

Tume ikapanuliwa kweli. Mkutano mkuu wa Aprili 1923 ulichagua wajumbe 50, na ule wa 1924 wajumbe 151. Kwa idadi, Lenin alipata alichokiomba na zaidi. Lakini mwenyekiti wa kwanza wa tume hiyo mpya, Valerian Kuibyshev, alikuwa mtu wa Stalin, na orodha za wajumbe zilipikwa katika ofisi ya katibu mkuu, iliyokuwa ikigawa vyeo nchi nzima. Wakaguzi mia na hamsini waliowekwa na mtu mmoja hawana macho mia na hamsini. Wanaona kwa macho yake. Ndani ya miaka minne tume ile iliyobuniwa kumchunga katibu mkuu ikawa chombo cha kuwaadhibu wapinzani wake: Oktoba 1927 ilikaa kikao cha pamoja na Kamati Kuu kuwaondoa Trotsky na Zinoviev kwenye Kamati Kuu, na katikati ya Novemba ikashiriki kuwafukuza chamani. Mwaka 1934 hata sura ya uhuru ilionekana mzigo. Tume ikavunjwa, ikawekwa mahali pake tume ya udhibiti iliyo chini ya Kamati Kuu, ikiongozwa kwanza na Lazar Kaganovich na kuanzia 1935 na Nikolai Yezhov. Mwaka mmoja baadaye Yezhov alipewa pia kuongoza polisi wa siri, na kikafuata kipindi cha kamatakamata na mauaji ya watu wengi.

Warusi walikuwa pia na chombo cha pili, Tume Kuu ya Ukaguzi wa Hesabu, ambacho kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kuangalia hazina ya Chama na kasi ya kushughulikia majalada. Kiliishi karibu muda wote wa Chama, na mwisho wake unafundisha jambo jingine kabisa. Ujumbe wake uligeuka daraja la heshima. Orodha za mikutano mikuu zilisomwa kama ngazi: wajumbe kamili wa Kamati Kuu, kisha wa akiba, kisha tume ya ukaguzi wa hesabu, kwa wale walioonekana wamefika lakini hawajafika sana. Konstantin Simonov, mshairi na mwandishi wa riwaya, alikuwa mjumbe wake kuanzia 1956 mpaka 1961. Simonov alikuwa mwandishi mkubwa, na siamini kwamba kuna aliyetegemea akae na mashine ya kuhesabia kuangalia stakabadhi za petroli za kamati ya mkoa. Kiti kilikuwa nishani. Chombo cha ukaguzi kina njia mbili za kufa, basi: kugeuzwa rungu, au kugeuzwa nishani. Zote mbili huanzia mahali pamoja, pale orodha ya wajumbe inapoandikwa na wanaopaswa kukaguliwa.

Wachina walioifufua tume yao Desemba 1978 walikuwa wanayajua haya kwa ngozi yao. Ile iliyokuwepo kabla ilifutwa 1969, katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, katika kipindi ambacho rais wa nchi, Liu Shaoqi, alifukuzwa chamani kwa faili lililotengenezwa na kikundi maalumu, kisha akafa kizuizini. Tume mpya ilikuwa na wajumbe 100, chini ya Chen Yun, na ndani yake walijaa wazee waliopata mateso ya miaka ile. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kulifungua upya faili la Liu, na Februari 1980 Chama kikamsafisha. Naiona kama saa bora kabisa ya chombo hiki, kwa sababu mkaguzi alikiambia chama chake mwenyewe: tulikosea, na hati zinaonyesha tulivyokosea. Lakini hata wazee wale, pamoja na makovu yao, hawakurudisha masharti ya 1927. Walitegemea hekima ya viongozi waliokuwepo. Viongozi hubadilika.

Sasa turudi kwa zile sauti mbili za kwetu. Ile inayosema hizi ni visasi vitupu ndiyo dhaifu zaidi, na haisimami mbele ya majina. He Weidong na Miao Hua walitokea kwenye jeshi la mkoa wa Fujian, ambako Xi alifanya kazi miaka mingi, na walipanda chini ya mkono wake. Zhang Youxia ni mtoto wa jenerali aliyepigana pamoja na baba yake Xi, na alibakishwa madarakani 2022 akiwa amepita umri ambao wengine hustaafu. Hawa hawakuwa mahasimu, walikuwa watu wa nyumbani. Wala usisahau kwamba kununua na kuuza vyeo jeshini ni jambo ambalo mahakama za China zimelithibitisha mara nyingi huko nyuma. Inawezekana kabisa kwamba watu hawa waliiba. Shida yangu iko kwingine. Hawa wote walichujwa kabla ya Oktoba 2022. Faili la kila mmoja lilipita kwa wakaguzi wa nidhamu, ndio utaratibu. Ikiwa watano kati ya wale sita waliokuwa chini ya mwenyekiti wameanguka ndani ya miaka mitatu na miezi kadhaa, basi ama wakaguzi hawakuona, ama waliona na hawakuwa na pa kusemea, kwa sababu mteuzi alishaamua. Chombo kinachomkamata mtu baada ya mkubwa kumchoka ni tofauti sana na chombo kinachomzuia asiteuliwe. Na ukisoma tahariri ya gazeti la jeshi la siku iliyofuata, shutuma nzito dhidi ya Zhang na Liu ni kwamba waliukanyaga mfumo wa uwajibikaji wa mwenyekiti, ule unaosema neno la mwisho katika mambo ya jeshi ni la mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi. Hayo ndiyo makosa ambayo mkaguzi wa namna hii amewekwa kuyaona upesi.

Sauti ya kwanza, ya wanaotamani, ina uchungu wa kweli ndani yake na siwezi kuibeza. Wanaona ripoti ya CAG kila Aprili, mabilioni yametajwa ukurasa kwa ukurasa, na mwaka unaofuata ukurasa uleule. Ila wanachotamani wakati mwingine ni picha isiyokuwepo. Wengi wanaamini China inawapiga risasi mafisadi kila wiki. Hukumu za kifo kwa rushwa zilizotekelezwa kweli, kama ya Lai Xiaomin wa shirika la fedha la Huarong Januari 2021, ni chache kiasi kwamba kila moja huwa habari ya dunia. Kawaida ni kifungo, au kifo kilichoahirishwa miaka miwili ambacho hugeuka kifungo. Na kama ukali ungekuwa dawa, idadi ya wanaoadhibiwa isingepanda kutoka 610,000 hadi 889,000 katika mwaka wa kumi na kitu wa kampeni ileile. Kupanda huko kunaweza kuwa dalili ya juhudi, sikatai. Lakini mganga anayetibu wagonjwa wengi zaidi kila mwaka wa ugonjwa uleule, mtaa uleule, lazima aulizwe habari za maji ya kisima.

Nitatoa kisa kimoja changu, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha kuuliza maswali yale mawili. Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi ya SACCOS. Tulikuwa watatu, tumechaguliwa na wanachama wenzetu ukumbini kwa kunyoosha mikono. Jumamosi moja tulifungua mafaili ya hati za malipo, na mama mmoja mwenzetu, mshonaji nguo, akaziweka stakabadhi tano za mafuta ya pikipiki mezani, moja kando ya nyingine. Vituo vitano tofauti, mwandiko mmoja, hata mkia wa herufi y ulivutwa vilevile. Mwenyekiti wa bodi alikuja na chupa ya chai na maandazi, akaketi, akasema kwa upole kabisa: "Walimu wangu, haya si ya kupeleka mkutanoni. Yaleteni kwanza kwenye bodi, tuyaweke sawa." Hakututisha. Alituomba tubadilishe tu mtu wa kumsomea taarifa. Tulikaa kimya, kisha yule mama akasema, "Mwenyekiti, waliotutuma ni wale, sisi tutawarudishia wale." Taarifa ikasomwa mkutano mkuu. Hakuna aliyefungwa, fedha zikarudi kwa makato. Kama bodi ndiyo ingekuwa imetuteua, nina hakika tungekunywa chai ile tukarudi nyumbani, na wala tusingejiona wabaya.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Februari 2022 ilifunguliwa Kibaha Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Makada wa vyama hivyo hukutana pale, na nidhamu ya chama ni moja ya mambo ambayo wenyeji wao wa China wana uzoefu mkubwa wa kuyasimulia. Siungi mkono wanaosema shule ile ifungwe masikio. Kuna vya kuchukua. Kupeleka timu ya ukaguzi kutoka nje ya mkoa ni kitu ambacho chama chochote chetu kinaweza kuanza kesho. Kuwakagua wakaguzi ni kingine: mwaka 2014 tume ya Beijing ilianzisha ofisi ya kuwachunguza watumishi wake yenyewe, na Wei Jian, aliyekuwa mkurugenzi wa moja ya idara zake za uchunguzi, akaishia gerezani kwa rushwa. Hata kumbukumbu zetu zina cha kuongeza mezani. Azimio la Arusha la 1967 liliwawekea viongozi wa TANU miiko iliyo wazi, kutokuwa na hisa, kutopangisha nyumba, kutokuwa na mishahara miwili, na ikalegezwa Zanzibar 1991 na haohao iliyowabana. Miiko ilikuwa mizuri. Hapakuwa na mtu, nje ya viongozi wenyewe, mwenye uwezo wa kusema isilegezwe. Tunaposikia sasa chama fulani kinataka kamati yake ya maadili iwe na meno, tuulize meno hayo yako kwenye kinywa cha nani. Kamati ya maadili inayoongozwa na mwenyekiti wa chama itamtafuna diwani, itamtafuna mbunge anayesema sana, na kesi ya nyani itaendelea kuamuliwa na ngedere.

Kuna atakayesema nadai jambo lisilowezekana, kwamba katika nchi ya chama kimoja hakuna mahali nje ya chama pa kumweka mkaguzi, na kwa hiyo China imefanya lililo bora katika mipaka yake. Hiyo ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote, na bado nadhani haijafika mwisho. Masharti ya 1927 hayakuhitaji vyama vingi. Yalihitaji tu kwamba wanaokagua wasiwe walewale wanaotawala, na kwamba ugomvi wao ukapelekwe kwa wanachama. Milioni 100 ya wanachama ni umma wa kutosha kusomewa taarifa.

Mkutano mkuu wa 21 unatarajiwa mwaka 2027. Siku ya mwisho itasomwa orodha ya wajumbe wapya wa Tume Kuu ya Nidhamu, na vyombo vya habari vitakimbilia kumtafuta atakayechukua nafasi ya Li Xi. Mimi nitaanza na yaliyo chini ya orodha: wangapi walikuwa wakaguzi mikoani na wangapi wametolewa kwenye makatibu wa wakubwa, wangapi wana kiti pia katika Kamati Kuu wanayopaswa kuitazama, na kama katiba ya Chama itakayopitishwa juma hilohilo itakuwa na sentensi yoyote, hata moja, inayosema mkaguzi afanye nini akikuta jina la mwenyekiti kwenye stakabadhi.